Saa ya kifo: kwa nini daktari aliandika "kati ya saa 18 na 36"?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Tanga. Nimelifupisha kwa ruhusa yake:

"Shikamoo daktari. Baba yetu mdogo alikuwa akiishi peke yake kwenye chumba cha kupanga. Jumapili saa 4 asubuhi alikutwa amefariki. Mara ya mwisho majirani walimwona Ijumaa saa 2 usiku, akimsindikiza mgeni wake getini. Mwili ulikuwa umevimba, umebadilika rangi, na puani palikuwa panatoka damu. Daktari aliyefanya uchunguzi Jumatatu ameandika kwamba alifariki kati ya saa 18 na 36 kabla ya kukutwa, na kwamba sababu ya kifo inasubiri majibu ya maabara. Kwa nini hakutupa saa kamili? Na huko kuvimba na damu, si ushahidi kwamba alilishwa sumu? Tumeshazika, lakini wajomba wanamshuku yule mgeni, na wapo wanaotaka kaburi lifukuliwe."

Marahaba, mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Kwenye barua yako kuna maswali mawili tofauti: alikufa lini, na alikufa kwa nini. Familia nyingi huyachanganya, na yakichanganywa ndipo mtu asiye na kosa anapoumia. Nitayatenganisha.

Nianze na saa. Daktari huyo hakuwakwepa. Ukihesabu kurudi nyuma kutoka Jumapili saa 4 asubuhi, makadirio yake yanaanzia Ijumaa saa 4 usiku na kuishia Jumamosi saa 10 jioni. Kwa mwili uliokutwa katika hali uliyoieleza, kwenye joto la Tanga, ndani ya chumba ambacho hakuna aliyepima joto lake, hayo ni makadirio ya mtu mwaminifu. Angewaandikia kwamba alifariki Jumamosi saa 8 na robo usiku, ningewashauri mtafute daktari mwingine auangalie upya ushahidi wote. Hakuna kipimo popote duniani kinachoweza kuusoma mwili na kukupa saa na dakika ya kifo. Tunachofanya ni kuweka mipaka miwili: kabla ya hapa alikuwa hai, baada ya hapa alikuwa amekwisha kufa. Kazi yote ya utaalamu ni kuisogeza mipaka hiyo ikaribiane bila kudanganya.

Katika siku ya kwanza, kipimo kinachosaidia kuliko vingine ni joto la mwili. Mtu aliye hai ana joto la karibu nyuzi 37 za Selsiasi. Akifa, mwili hupoa taratibu mpaka ulingane na hewa inayouzunguka. Vitabu vya zamani vya Ulaya vilifundisha kwamba maiti hupoteza karibu nyuzi moja kila saa, na hadi leo utaisikia kanuni hiyo kwa askari wapelelezi na kwa wanafunzi wa udaktari. Kanuni hiyo hupotosha. Kwanza, si kweli kwamba mwili huanza kupoa papo hapo. Joto la ndani linaweza kubaki lilivyo kwa muda, wakati mwingine hata zaidi ya saa moja, kabla halijaanza kushuka. Na kama marehemu alikuwa na homa kali, hesabu ya kuanzia 37 imeharibika tangu mwanzo.

Jambo kubwa zaidi, hasa kwetu sisi wa pwani, ni kwamba kasi ya kupoa inategemea tofauti kati ya joto la mwili na joto la hewa. Kwenye chumba chenye nyuzi 18 huko London, mwili una nyuzi 19 za kushuka. Tanga mwezi Februari, chumbani mna nyuzi 31. Mwili una nyuzi 6 tu. Zikiisha hizo, hakuna tena cha kupima. Kosa la nusu nyuzi, ambalo London lingekupoteza kwa kama nusu saa, hapa linaweza kukupoteza kwa saa kadhaa. Na chini ya bati lisilo na dari, jua la mchana linaweza kulifikisha joto la chumba kwenye joto la mwili wenyewe. Hapo maiti haipoi hata kidogo, na mtu asiyejua atagusa ngozi yenye joto na kusema huyu amekufa sasa hivi.

Mwanapatholojia (daktari anayechunguza maiti) wa Kijerumani, Claus Henssge, alitumia miaka mingi kuitengeneza vizuri hesabu hii, na katika miaka ya 1980 alitoa chati inayotumika mpaka leo. Inahitaji joto la ndani ya mwili lililopimwa kupitia njia ya haja kubwa, joto la hewa, uzito wa marehemu, nguo alizovaa au shuka iliyomfunika, na kama kulikuwa na upepo au maji. Kwa mazingira yenye joto kuzidi nyuzi 23 aliweka chati ya peke yake, maana alijua kwamba ile ya baridi haifai. Na pamoja na umakini wote huo, katika hali nzuri kabisa chati yake inakubali kukosea kwa saa 2.8 mbele au nyuma, katika visa 95 kati ya 100. Hicho ni kipindi cha zaidi ya saa tano na nusu, kwa kipimo bora tulichonacho, kwenye mwili ambao haujaguswa. Hali ikiwa mbaya, kipindi hupanuka zaidi.

Kuna kifaa kimoja kidogo ambacho nimekipigania kwa muda mrefu kiwe kwenye begi la kila mpelelezi: kipimajoto kirefu cha maabara. Kile cha hospitalini hakifai, kwa sababu kinaanzia nyuzi 35 na hakisomi chini ya hapo. Kinachotakiwa ni kile kinachosoma kuanzia sifuri, kiingizwe ndani sentimita 8 hadi 10, baada ya sampuli za ukatili wa kingono kuchukuliwa ikiwa kuna shaka ya jambo hilo. Kisha kipimwe joto la chumba karibu na mwili, yaandikwe yote mawili pamoja na saa ya kupima. Ni kazi ya dakika chache. Kwa baba yenu mdogo haikufanyika. Mwili ulichukuliwa, ukapelekwa mochwari, ukalazwa kwenye jokofu usiku kucha. Joto ambalo daktari angelikuta Jumatatu ni la jokofu, na jokofu halijui alikufa lini.

Dalili ya pili ni kukakamaa. Misuli inahitaji nguvu ya kemikali ili ilegee. Mtu akifa nguvu hiyo inakwisha, nyuzi za misuli zinashikana, na viungo vinakuwa vigumu. Kwa kawaida huonekana kwanza kwenye taya na shingo baada ya saa 2 hadi 4, huenea mwili mzima kati ya saa 6 na 12, kisha mwili hulegea tena unapoanza kuharibika. Kwenye nchi za baridi ukakamavu huweza kudumu siku moja na nusu au mbili. Kwenye joto letu huja upesi na kuondoka upesi. Si ajabu mwili wa siku moja ukawa umeshalegea.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vya kigeni hulipita haraka, nasi tunakutana nalo kila siku. Maiti zetu huguswa na mikono ya upendo kabla daktari hajafika. Wazee humfumba macho marehemu, humfunga taya kwa kitambaa, hunyoosha mikono na miguu, hulainisha viungo. Ni heshima anayostahili, wala simlaumu mtu. Lakini kiungo kilichokwisha kukakamaa kikinyooshwa kwa nguvu hakikakamai tena, na daktari akikikuta kimelegea anaweza kudhani muda mrefu umepita. Kwa hiyo kifo kikiwa cha ghafla au cha kutatanisha, subirini. Na ikiwa mmeshamgusa, mwambieni daktari nani alifanya nini. Hatawashangaa. Taarifa hiyo ina thamani kuliko dalili nyingi atakazozikuta mwenyewe.

Damu nayo hutuama. Moyo ukisimama, damu hushuka kwenye sehemu za mwili zilizo chini na kuacha madoa ya zambarau, ambayo kwenye ngozi nyeusi sana yanahitaji mwanga mzuri na jicho lililozoea. Huanza ndani ya saa moja au mbili. Mwanzoni ukibonyeza kwa kidole gumba doa hufifia. Baada ya saa kama 6 hadi 12 halifutiki kirahisi. Kwa kukadiria saa, dalili hii ni dhaifu. Nguvu yake iko kwingine: mtu aliyekutwa amelala kifudifudi huku madoa yakiwa mgongoni, kuna aliyemgeuza baada ya kufa. Na madoa yakiwa na rangi nyekundu ya kung'aa badala ya zambarau, nauliza haraka kama chumbani palikuwa na jiko la mkaa, kwa sababu gesi ya kaboni monoksidi, ile inayoua, hupaka damu rangi hiyo. Mwili uliokaa kwenye jokofu pia unaweza kupata wekundu wa namna hiyo, ndiyo maana naangalia kabla ya jokofu ninapoweza.

Sasa nije kwenye kuvimba na ile damu puani, ambayo naona ndiyo iliyowaumiza zaidi.

Tumboni mwa kila mmoja wetu kuna bakteria wasiohesabika. Tukiwa hai mwili unawadhibiti. Moyo ukisimama, huanza kula utumbo wenyewe na kusambaa kupitia mishipa ya damu, wakitoa gesi njiani. Alama ya kwanza kwa kawaida ni ukijani upande wa kulia chini ya tumbo, pale ambapo mwanzo wa utumbo mpana uko karibu na ngozi. Kwenye nchi za baridi ukijani huo huonekana siku ya pili au ya tatu. Huku kwetu unaweza kuonekana kabla siku haijaisha. Kisha mishipa hujichora juu ya ngozi kama matawi, tumbo hujaa gesi, uso huvimba mpaka ndugu hawamtambui, macho na ulimi hutokeza nje, ngozi hutoa malengelenge na kubabuka. Gesi ile inasukuma kila kitu kilicho njiani, pamoja na majimaji mekundu ya kahawia kutoka kwenye mapafu na tumbo, yanayotokea puani na mdomoni.

Hayo ndiyo mliyoyaona. Hayatokani na jeraha, wala hayaonyeshi kwamba amelishwa kitu. Ni hali inayotarajiwa kwa mtu yeyote aliyefariki kwa sababu yoyote, akalala chumbani kwenye joto kwa zaidi ya siku moja: awe amekufa kwa presha, kwa kisukari, kwa uzee au kwa sumu. Nimekaa na familia zilizovunjika kwa sababu ya majimaji hayo. Nimesikia majina ya wake wenza, majirani na waganga yakitajwa, wakati kilichotokea ni kazi ya kawaida ya joto na bakteria. Mwanangu, ukiweza kulifikisha neno moja tu kwa wajomba, lifikishe hili.

Simaanishi kwamba sumu haikuwapo. Ninachosema ni kwamba uvimbe haujibu swali hilo. Linajibiwa na maabara, kwa sampuli za damu, mkojo, ini na vilivyomo tumboni, zilizofungwa vizuri na kupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Daktari wenu aliandika kwamba anasubiri majibu, na huko ndiko anakotakiwa kusubiri. Jambo la kuuliza ni kama sampuli zilichukuliwa kabla mwili haujachomwa sindano ya dawa ya kuzuia kuoza. Formalini huvuruga vipimo vingi. Na maabara ikikuta pombe kidogo, msikimbilie kusema alikunywa, kwa sababu bakteria walewale huweza kutengeneza pombe ndani ya mwili unaooza.

Tena, hata kama ingekuwa sumu, saa ya kufa si saa ya kulishwa. Ziko sumu zinazoua kwa dakika, na ziko zinazochukua siku. Baadhi ya dawa za kuua magugu na za panya ni za namna hiyo. Kwa hiyo wajomba wasidhani kwamba saa kamili, hata tungekuwa nayo, ingemtia hatiani mgeni au kumsafisha.

Kuna kesi ninayowasimulia madaktari vijana kila wanapobanwa na polisi au na ndugu watoe saa kamili. Juni 1959, karibu na mji wa Clinton huko Ontario, Kanada, msichana wa miaka 12 aitwaye Lynne Harper alipotea jioni. Siku mbili baadaye alikutwa msituni ameuawa. Alikuwa amekula chakula cha jioni kama saa 12 kasorobo. Mwanapatholojia aliyefanya uchunguzi, John Penistan, aliangalia chakula kilichobaki tumboni, akasema binti huyo alifariki kati ya saa 1 na saa 2 kasorobo jioni ileile. Dakika 45. Ndani ya dakika hizo, mtu aliyejulikana kuwa naye alikuwa mvulana mmoja wa shule, Steven Truscott, mwenye umri wa miaka 14, aliyekuwa amempakia kwenye baiskeli. Mwenyewe alisema alimshusha kwenye barabara kuu na kumwona akiingia kwenye gari. Hakuaminiwa. Mtoto wa miaka 14 alihukumiwa kunyongwa.

Adhabu ilibadilishwa kuwa kifungo cha maisha, akakaa ndani miaka kumi, akatoka mwaka 1969 kwa masharti na kuishi kwa jina lingine. Mwaka 1966 Penistan mwenyewe alikuwa ameyapitia upya makadirio yake na kuyalegeza. Mahakama ya Rufaa ya Ontario ilimfutia Truscott hatia tarehe 28 Agosti 2007, akiwa na miaka 62, ikiwa imesikiliza wanapatholojia waliosema kwamba tumbo haliwezi kabisa kutoa saa ya namna ile, na wataalamu wa wadudu pia.

Kosa lilikuwa kudhani tumbo humaliza kazi yake kwa ratiba. Halifanyi hivyo. Chai na mkate mmoja huweza kupita kwa saa moja au mbili. Ugali na nyama ya mafuta huweza kukaa saa nyingi. Hofu huchelewesha, maumivu huchelewesha, pombe huchelewesha, jeraha la kichwa huweza kusimamisha kabisa. Tumbo linaweza kukuambia alikula nini mara ya mwisho, na hilo ni jambo kubwa ikiwa kuna anayejua mlo huo uliliwa lini. Kama ripoti imetaja chakula fulani, na mnajua ni kile alichokula na mgeni wake Ijumaa, au ni kile alichonunua kwa mama lishe Jumamosi, mpelekeeni mpelelezi habari hiyo. Mlo unaojulikana una msaada kuliko hesabu ya kasi ya tumbo.

Wengine hunisomea habari za kipimo cha potasiamu kwenye ute wa jicho. Kipo, na wazo lake ni zuri: baada ya kifo madini hayo huvuja polepole kuingia kwenye ute, na jicho limejitenga, halichafuliwi upesi na bakteria wa tumbo. Lakini tuhesabu pamoja. Tuseme maabara imepata milimoli 12 kwa lita. Kwa fomula ya Sturner ya miaka ya 1960, zidisha kwa 7.14, toa 39.1: unapata karibu saa 47. Kwa fomula ya Madea, iliyotoka baadaye, zidisha kwa 5.26, toa 30.9: unapata saa 32. Jicho ni lilelile, namba ni ileile, na tofauti ni takriban saa 15. Joto nalo huongeza kasi ya kuvuja. Ndiyo maana mimi hukitumia kuthibitisha kipindi nilichokwisha kukipata kwa njia nyingine, na si vinginevyo.

Nzi ni mashahidi wazuri zaidi kuliko watu wanavyodhani, ingawa kwa kesi yenu wanaweza kuwa wameshapotea. Nzi wa kijani hufika kwenye maiti mchana ndani ya dakika chache akipata njia, na hutaga mayai kwenye pua, pembe za macho, mdomo na majeraha: vijipunje vyeupe, vidogo kuliko punje ya mchele, vimebandikana pamoja. Kwenye joto letu huanguliwa ndani ya siku moja, buu hupita hatua tatu za ukuaji, na baada ya siku kama 10 unaweza kuwa na nzi mpya. Ukijua aina ya nzi, hatua ya buu na joto la mahali, unarudi nyuma mpaka siku ya kutaga. Kwa kawaida nzi hawa hawatagi usiku, na chumba kilichofungwa vizuri huwachelewesha. Kwa hiyo wanachokupa ni muda mfupi kabisa ambao mtu huyo amekuwa maiti; huenda alikufa mapema zaidi.

Njia hii ilipata heshima mahakamani kupitia kesi ya Buck Ruxton, daktari wa Lancaster, Uingereza. Septemba 1935 vipande vya miili ya wanawake wawili vilikutwa kwenye korongo karibu na Moffat, Uskoti. Alexander Mearns wa Chuo Kikuu cha Glasgow aliwachunguza mabuu waliokuwa juu ya vipande hivyo, akakadiria umri wao kuwa siku 12 hadi 14. Hesabu hiyo ilikubaliana na siku ambazo mke wa Ruxton na yaya wa watoto walikuwa wametoweka. Mearns hakusema saa. Alitoa siku, na siku zilitosha pamoja na ushahidi mwingine.

Nikirudi kwenu: kama kuna aliyepiga picha mwili ukiwa bado chumbani, msiifute, hata kama inaumiza kuitazama. Picha yenye mayai tu bila mabuu, au yenye mabuu tayari, inaweza kukaza mpaka mmoja wa yale makadirio. Mpeni daktari, si kundi la WhatsApp.

Na kufukua kaburi? Kwa ajili ya saa, hapana. Kadiri siku zinavyopita ndivyo mwili unavyozungumza habari za udongo, kina cha kaburi na unyevu kuliko habari za muda. Mjerumani Johann Ludwig Casper alisema katika karne ya 19 kwamba wiki moja hewani ni kama wiki mbili majini na wiki nane ardhini. Ni kanuni ya kukisia tu, lakini inaonyesha jinsi mahali panavyobadilisha kila kitu. Mwaka 1977, huko Tennessee, Marekani, mwanaanthropolojia mashuhuri William Bass aliletewa mwili uliokutwa kwenye kaburi lililovunjwa, bado una nyama yenye rangi ya waridi, akakadiria umekufa mwaka mmoja au pungufu. Ulikuwa wa Kanali William Shy, aliyeuawa vitani Desemba 1864, akatiwa dawa na kuzikwa kwenye jeneza la chuma. Bass alikosea kwa karibu miaka 113, naye akaenda kuanzisha eneo la utafiti wa kuoza kwa miili kwenye Chuo Kikuu cha Tennessee.

Makaburi ya Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, walikozikwa wafuasi wa mhubiri mmoja, yalipoanza kufukuliwa Aprili 2023, na hatimaye miili zaidi ya 400 kutolewa, maswali makuu ya madaktari yalikuwa hao ni nani na walikufa kwa njaa, kwa kunyongwa au kwa kupigwa. Hayo kaburi linaweza kuyajibu. Ikiwa kwa baba yenu mdogo sampuli za sumu hazikuchukuliwa kabisa, hapo kufukua kwa kibali cha mahakama kuna hoja. Kama zilichukuliwa, mwacheni apumzike na msubiri majibu.

Kitakachopunguza kile kipindi cha saa 18 hadi 36 sasa hakiko kwenye mwili. Kiko kwenye simu yake: simu ya mwisho aliyopiga, ujumbe wa mwisho aliousoma, muamala wa mwisho wa pesa. Kiko kwenye umeme wa LUKU kama aliununua Jumamosi, kwa muuza duka wa pale mtaani, msikitini kama alizoea kuswali alfajiri na siku hiyo hakuonekana. Kiko kwa mwenye nyumba: taa ilikuwa inawaka au imezimwa? Feni je? Alikuwa na nguo za kulalia au za kutokea? Kitanda kilikuwa kimetandikwa? Daktari akipewa hayo anaweza kuyaweka juu ya makadirio yake, na hapo ndipo saa 18 za wasiwasi zinapoweza kuwa 6.

Andikeni mambo hayo sasa, kila mtu peke yake, kabla mazungumzo ya matanga hayajayafanya yafanane. Na mpelelezi anapoandika maelezo yenu, hakikisheni kila saa inaandikwa kwa namna isiyoweza kupotoshwa: "saa 2 usiku, yaani 20:00". Maelezo yetu huanza kwa Kiswahili na faili humalizikia kwa Kiingereza. Saa 2 usiku ikiingia kwenye jalada kama "2:00 a.m.", yaani saa nane ya usiku wa manane, mgeni aliyeondoka mapema ataonekana alikuwa bado chumbani saa sita baadaye.